Jicho Lisilofumba: Mwongozo kwa Aliyetibiwa Uvimbe Akabaki na Uso Uliolegea

Ikiwa umetolewa uvimbe ndani ya fuvu, nyuma ya sikio, au kwenye tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, na sasa upande mmoja wa uso wako umelegea, watu watakuangalia mdomo. Mdomo ndio unaoonekana: umevutwa upande, maneno yanatoka na upepo, chai inachuruzika kidevuni. Pole za majirani, fedha za ukoo na dawa za kuelekezwa zitaelekea huko, na hata wewe mwenyewe ukishika kioo utatazama huko. Shauri la mwongozo huu ni kwamba upandishe macho juu kidogo. Mdomo uliopinda unaweza kungoja miezi mingi, ukarudi wenyewe au ukasaidiwa na mpasuaji. Jicho lisilofumba halina subira hiyo. Kioo cha jicho, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni ambayo wataalamu huiita konea, kinaweza kuchubuka, kikapata kidonda na kutoboka ndani ya siku chache. Kovu likishakaa pale, hata uso ukirudi wote, nuru hairudi nao. Kwa hiyo senti ya kwanza na saa ya kwanza ya kila siku ziwe za jicho.

Ili uone kwa nini, yafaa kujua jinsi kope linavyofanya kazi. Anayelifungua na anayelifunga ni wawili tofauti. Msuli unaonyanyua kope la juu hupata amri kwa mshipa wa fahamu wa tatu, nao haukuguswa na ugonjwa wako. Msuli wa duara unaolifumba hupata amri kwa mshipa wa saba, ndio huo wa uso. Wa saba ukilala, anayefungua anabaki bila mpinzani, na jicho linakaa wazi mchana kutwa na usiku kucha. Mshipa huu hutoka kwenye shina la ubongo, ukapita pamoja na mshipa wa kusikia katika tundu moja jembamba la mfupa, kisha ukaingia katikati ya tezi ya mate na kutawanyika usoni. Ndiyo maana uvimbe wa mshipa wa kusikia na uvimbe wa tezi ya mate, magonjwa mawili yasiyohusiana, huacha alama ileile. Hata mpasuaji hodari asipoukata, kuusogeza tu au kuukwangua uvimbe uliougandia kunaweza kuulaza kwa muda mrefu. Tena mshipa huohuo hubeba amri ya kutoa machozi, kwa hiyo ukiumia juu, karibu na ubongo, jicho hupungukiwa mambo mawili kwa pamoja: kifuniko na maji.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza huja, na ni la haki. Wengi husema: jicho langu linatiririka machozi hadi shavuni, nitaliongezeaje maji? Jibu ni kwamba machozi yanayomwagika si machozi yanayofanya kazi. Kwa kawaida mtu hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, na kila mpepeso hupaka maji juu ya konea na kuyasukuma yaingie kwenye kitundu cha pembeni mwa pua. Jicho lisilopepesa halipakwi wala halisukumiwi. Kope la chini nalo limelegea na kujibinua nje, machozi yanakusanyika pale na kumwagika, huku katikati ya konea kukiwa kukavu. Wakati mwingine wingi wa machozi ni kilio cha jicho lililokauka. Jicho linaloloa shavu, basi, linahitaji dawa ya kulainisha sawa na lile lisilotoa chozi.

Pingamizi la pili ni hatari zaidi kwa sababu linatuliza: jicho haliumi. Maumivu ya jicho huletwa na mshipa wa tano, na uvimbe mkubwa wa ndani ya fuvu, au mionzi iliyopigwa eneo hilo, unaweza kuwa umeuathiri pia. Jicho lenye ganzi lisilofumba ni jicho lililo katika hatari kubwa kuliko yote, kwani linaweza kuoza pasipo kukuamsha usingizini. Mikoa ya kusini mwa Tanzania ina ushahidi wa jambo hili kutoka ugonjwa mwingine kabisa. Vimelea vya ukoma huharibu mshipa huohuo wa saba na matawi ya ule wa tano, na wagonjwa wa ukoma, ambao Wabenediktini wa Ndanda waliwatunza kwa miongo mingi, wamejulikana tangu zamani kwa kupofuka kwa macho yasiyofumba na yasiyohisi. Kule India, Margaret Brand, daktari wa macho aliyefanya kazi Vellore, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba upofu huo unazuilika, na kwa mambo madogo. Mgonjwa alifundishwa kujitazama jicho kwenye kioo kila siku, kulifunika kwa kitambaa akilala, na kupepesa kwa kukusudia badala ya kungoja mwili ukumbuke: kwa mfano, kila akipita mlangoni, kila akiona kuku, kila akiitwa jina. Kama kope lako bado linasogea hata nusu, zoezi hilo ni lako pia, na halina gharama.

Lijue basi jicho lako. Mwombe mwenzako akae mbele yako kwenye mwanga wa mchana, nawe ufumbe macho taratibu kama unayetaka kusinzia, bila kukaza. Aangalie kama unabaki mwanya, na ni upana gani. Kisha ukaze kwa nguvu zote, aangalie tena. Usiku ukiwa umelala akumulike pembeni kwa tochi ya simu, kwa maana wapo wanaofumba vizuri wakiwa macho na jicho likaachia usingizini. Madaktari hutumia kipimo cha madaraja sita kilichochapishwa mwaka 1985, la kwanza likiwa uso mzima na la sita uso usiosogea kabisa. Mpaka muhimu kwako uko kati ya la tatu na la nne: katika la tatu jicho hufumba lote kwa kujitahidi, kuanzia la nne halifumbi hata ukikaza. Uliza uko daraja gani, na uandikiwe. Zaidi ya hapo yapo maswali matatu yanayopima hatari. Je, ukijaribu kufumba, mboni inapanda juu na kujificha chini ya kope, au inabaki katikati mwanyani? Je, konea inahisi? Hili lipimwe na mtaalamu kwa uzi laini wa pamba, usilijaribu nyumbani. Je, jicho linatengeneza machozi ya kutosha? Mwenye jibu baya kwa yote matatu asikubali kupangiwa miadi ya miezi mitatu mbele. Aombe kuonwa na daktari wa macho kabla hajapanda basi la kurudi kusini.

Matunzo ya kila siku yana sehemu mbili, mchana na usiku, na ya usiku ndiyo inayosahaulika. Mchana tumia matone ya kulainisha, yale yanayoitwa machozi bandia, kila baada ya saa moja au mbili, usingoje mpaka jicho liwashe. Zingatia kwamba matone mengi huwekewa kemikali ya kuyahifadhi, na kemikali hiyo ikiingia jichoni mara nyingi mno kwa siku huichubua konea yenyewe. Anayehitaji zaidi ya mara nne hadi sita aulize yasiyo na kihifadhi, au aongeze dawa ya kupaka. Chupa ikishafunguliwa haikai zaidi ya wiki nne, na isiwekwe chini ya bati linalowaka jua. Usiku paka dawa nzito ya tyubu ndani ya kope la chini, kiasi cha punje ya mchele, kisha lifumbe jicho kwa kidole na ulibandike. Namna ya kubandika ina maana kubwa. Kwanza hakikisha kope limeshuka lote, ndipo uweke plasta ya karatasi kutoka juu ya kope kuelekea shavuni. Usiweke pamba au bendeji moja kwa moja juu ya jicho linaloweza kufunguka chini yake, kwa sababu litasugua konea usiku mzima na asubuhi utaamka na kidonda ulichojitengenezea. Ambaye plasta haimshiki kwa jasho la Februari anaweza kupaka dawa nyingi kuzunguka jicho na kufunika kwa kipande safi cha nailoni laini angavu kilichoshikwa pembezoni. Unyevu wa jicho lenyewe utabaki ndani.

Atakayesema kwamba matone ni ghali na duka liko Mtwara mjini, hakosei, na ushauri usiojali hilo haufai kijiji kama Kitaya. Lakini angalia hesabu ilivyo. Kilicho ghali ni matone. Dawa ya kupaka ya tyubu ni ya bei ya chini sana kuliko matone, hukaa jichoni muda mrefu, na ile ya tetrasaiklini ya asilimia moja inafahamika katika zahanati nyingi kwa sababu hutumika kwa trakoma. Si kilainishi kilichotengenezwa kwa kazi hii, na inaukungisha uono, lakini kwa usiku na kwa siku ambazo matone yamekwisha inalinda. Muulize daktari akuandikie itakayopatikana karibu nawe, si ile anayoipata yeye. Kama hata hiyo inashinda mfuko, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii ambako msamaha wa gharama huombwa; nenda mapema, kabla deni halijaandikwa.

Sasa mazingira yenyewe, kwani maelekezo ya hospitali huandikwa kwa mtu anayekaa ofisini, na bonde la Ruvuma si ofisi. Linaloniogopesha kuliko yote ni salfa. Juni, Julai na Agosti, mikorosho ikichanua, unga wa salfa hupulizwa kwa mashine dhidi ya ubwiriunga, na wingu lake halikai katika shamba moja. Salfa kwenye jicho linalopepesa huwasha. Kwenye jicho lisilopepesa hukaa juu ya konea na kuendelea kuunguza. Asiyefumba jicho asishike mashine, asiwe msaidizi wa mashine, na asipite shambani asubuhi ya kupuliza. Kwamba mkorosho ndio chakula na ada ya shule kunajulikana, na hakuna anayeshauri uuache. Badilishaneni kazi: kijana wa nyumba au jirani apulize kwako, nawe umlipe kwa palizi ya shamba lililokwishapulizwa siku nyingi, kwa kuokota na kupanga korosho, au kwa kukaa kwenye mizani ya chama cha msingi. Unga au dawa ya maji ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi, safi kadiri yapatikanavyo, robo saa nzima bila kukoma, ndipo uende zahanati. Kubangua korosho kwa moto nako uwaachie wengine. Moshi wa maganda una mafuta makali.

Mpunga una hatari ya aina nyingine. Jani lake lina makali, na mchubuko wa jani au wa pumba kwenye konea huweza kupandikiza fangasi, ambao katika nchi za joto ni chanzo kikubwa cha vidonda vya jicho visivyosikia dawa za kawaida za bakteria. Wakati wa kuvuna na kupepeta vaa miwani iliyozibwa pembeni, hata ile ya fundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe, na upepo ubebe pumba kwenda mbali nawe, si kukujia. Usioshe jicho kwa maji ya mto. Upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, hukausha jicho haraka kuliko jua, hasa kwa wavuvi wa kwenye maingilio ya mto na wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Miwani ya kuogelea ni bora kuliko miwani ya urembo. Kwenye bodaboda vaa kofia ngumu yenye kioo na ukishushe. Na kama uvimbe wako ulikuwa wa mshipa wa kusikia, sikio la upande huohuo pengine limekufa, hivyo ukilifunika jicho upande mzima hauoni wala hausikii: vuka barabara na mwenzako, na ukae kwenye chombo upande wako mzima ukielekea watu.

Juu ya dawa za kutia jichoni nitasema bila kuzunguka. Majani yaliyotwangwa, maziwa ya mama, asali, mkojo, maji ya chumvi ya nyumbani na mate havistahili kuigusa konea isiyo na kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 juu ya wagonjwa wenye vidonda vya konea nchini Tanzania ulikuta kwamba takriban robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho. Mtu anaweza kujibu kwamba huenda walitumia baada ya kuumwa, si kabla. Ni hoja ya kweli, lakini hata hivyo dawa hizo ziliongeza uchafu au ziliwachelewesha kufika hospitali, na kwa jicho hili siku mbili ni nyingi. Wala duka la dawa si salama kwa kuwa tu lina leseni. Matone mchanganyiko yenye steroidi, yanayouzwa kwa jicho jekundu, huondoa wekundu na kukupa faraja huku yakiulisha fangasi na virusi vya malengelenge. Ukiuziwa tone lolote, uliza neno moja: lina steroidi? Likiwa nayo, rudisha, isipokuwa daktari aliyekitazama kioo cha jicho kwa mashine ndiye aliyekuandikia.

Dalili za kukupeleka hospitali siku hiyohiyo ni wekundu uliozidi wa jana, ukungu usioondoka ukifuta dawa, doa jeupe au la kijivu juu ya konea, usaha, mwanga kukuchoma, au maumivu. Mwenye jicho lenye ganzi asingoje maumivu. Doa au ukungu watosha. Pitia zahanati au kituo cha afya upate barua ya rufaa, lakini usikubali kucheleweshwa na foleni ya barua: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iko Mtwara mjini, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo. Mpimaji atatia rangi ya njano na kumulika kwa mwanga wa buluu. Mchubuko huonekana kwa kung'aa kijani. Kipimo hicho ni chepesi, na ukikosa kufanyiwa, kiombe.

Juu ya upasuaji wa kope, neno "kushona" huwatisha watu, nao hupendelea kungoja mshipa urudi. Kungoja si kosa kama mshipa haukukatwa. Mshipa wa fahamu, yaani neva, huota polepole, karibu milimita moja kwa siku, na kutoka fuvuni hadi kwenye kope ni safari ya miezi. Kosa ni kungoja jicho likiwa wazi. Kushona pembe ya nje ya makope mawili ni kazi ndogo ya ganzi ya hapohapo, huacha dirisha la kuonea, na huweza kufumuliwa uso ukirudi. Wasemao kwamba inaharibu sura wafikirie sura ya jicho lililopasuka. Iko njia nyingine ya kuweka kipande cha dhahabu au platini, uzito wa gramu moja hivi, ndani ya kope la juu ili lishuke lenyewe. Inapendeza zaidi, ila hutegemea uzito, kwa hiyo ukilala chali kope halishuki vizuri, na dawa ya usiku inaendelea. Kope la chini lililobinuka nalo hukazwa. Uso ukianza kuamka, huenda jicho likafumba ukitabasamu au likatoa machozi ukila. Nyuzi zimeota njia isiyo yake, na si uvimbe kurudi. Usikaze uso kwa nguvu kuharakisha mambo. Kanda taratibu, mbele ya kioo, harakati ndogo ndogo.

Kuhusu mdomo, ule kwa upande mzima, usafishe shavu lililolegea baada ya kila mlo, na hayo yatosha kwa sasa. Wapo watakaosema umepigwa na upepo, au ni kiharusi. Kiharusi mara nyingi huacha paji la uso likikunjika na jicho likifumba; kwako vyote vimelala kwa sababu ambayo unaijua na iliyoandikwa kwenye cheti chako. Lakini udhaifu mpya wa mkono au mguu, kichwa kuuma kusikozoeleka, au uso uliokuwa umerudi kulegea tena, si mambo ya kufafanua kikaoni kwa mjomba. Ni ya hospitali.

Kuna karatasi moja ya kuipigania kabla hujaondoka Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Ocean Road, au popote ulipotibiwa. Mwombe daktari aandike jina la uvimbe, tarehe ya upasuaji, kama ulipata mionzi, daraja la uso, kama konea inahisi, na zaidi ya yote kama mshipa wa saba ulikatwa au ulibaki mzima. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloweka kalenda. Mshipa ukiwa mzima, unapigwa picha ya simu kila mwezi, macho yakiwa wazi na yakiwa yamefumbwa, na kungoja kuna maana. Mshipa ukiwa umekatwa, au picha za mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili baada ya upasuaji hazina tofauti yoyote, misuli inanyauka, na operesheni ya kuazima neva ya kutafunia au ya ulimi kuiamsha hufaa zaidi ikifanywa ndani ya mwaka wa kwanza hivi, kabla haijachelewa. Picha hizo na karatasi hiyo vikae pamoja na filamu za kipimo cha kichwa, mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua, na miadi ya kurudi iombwe tarehe kamili.